Nimeagizwa Kutafuta Ushahidi wa Uamuzi Uliokwisha Kupitishwa

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia kuhusu jambo ambalo siwezi kulizungumza na mtu yeyote kazini, kwa kuwa kila mtu hapa ameshachagua upande wake. Ninasimamia masuala ya utawala katika taasisi yenye wafanyakazi karibu mia tatu. Mkataba wa jengo tulilomo unakaribia kwisha, na tunajiandaa kuhamia jengo jingine ambalo ndani bado ni tupu, hivyo tuna uhuru wa kuligawa tutakavyo. Mimi ndiye katibu wa kamati inayoshughulikia mpangilio wake.

Miezi michache iliyopita mkurugenzi wetu alialikwa kutembelea kampuni iliyofanikiwa sana katika fani yetu, akarudi na shauku kubwa. Huko kila ghorofa ni ukumbi mmoja wa wazi, hakuna mwenye meza yake, kila anayefika asubuhi huketi penye nafasi, na hata wakubwa hawana vyumba. Alituonyesha picha za watu waliosimama kwa vikundi wakizungumza kwa furaha, akasema kwamba mawazo mapya huzaliwa namna hiyo, watu wanapokutana bila kupanga. Tangu siku ile vikao vya kamati vimekuwa vya kupanga utekelezaji tu. Msanifu majengo alileta mchoro wenye meza saba kwa kila watu kumi, na sasa mjadala mzima ni kama ziwe saba au nane. Hakuna tena anayeuliza iwapo watu wanapaswa kugawana meza. Michoro imekwisha kulipiwa, na hilo nalo hutajwa kila mtu anapoonyesha wasiwasi.

Hivi karibuni mkurugenzi aliniita ofisini kwake akaniambia kwamba bodi itataka kuona ushahidi wa kitafiti kabla ya kuidhinisha fedha. Maneno yake yalikuwa haya: "Tafuta tafiti zinazounga mkono mpango huu, uzipange vizuri, bodi itulie." Hakusema kwa hila. Alisema kama mtu anayemkabidhi mwenzake kazi ya kawaida.

Nimezitafuta tafiti hizo, na nyingi nilizokutana nazo zinasema kinyume. Nimesoma utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa mwaka 2018, ambao waliwavalisha wafanyakazi beji zenye vihisi kabla na baada ya ofisi zao kugeuzwa kuwa za wazi, wakakuta kwamba mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe zikiongezeka. Nimesoma pia uchambuzi wa Jungsoo Kim na Richard de Dear wa mwaka 2013, uliotumia majibu ya watu zaidi ya 42,000 katika majengo zaidi ya 300, ambao ulionyesha kwamba urahisi wa kuwasiliana katika ofisi za wazi haukutosha kufidia kero ya kelele na ukosefu wa faragha. Kisha niligawa dodoso fupi kwa wenzangu, nikawauliza kama kelele huwasumbua na kama wangependa kubaki na vyumba vyao. Karibu wote waliojibu walisema ndiyo. Mhasibu mmoja aliandika pembeni mwa karatasi kwamba mwisho wa mwezi, anapooanisha hesabu, mtu akizungumza na simu nyuma yake hulazimika kurudia safu nzima kuanzia juu.

Mshauri, mkurugenzi huyu ndiye aliyenipa nafasi niliyonayo, na alinitetea wakati wengine waliponiona sifai. Nikiandika anachotaka, nitakuwa nimetia sahihi ripoti inayoficha ukweli, na wenzangu watauishi uamuzi huo kwa miaka. Nikiandika ninachokijua, nitamwaibisha mbele ya bodi. Wapo wanaonishauri nijitoe kwenye kamati nisiwe na lawama. Nifanye nini?

Katibu wa Kamati

JIBU

Marahaba, ndugu yangu Katibu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonigusa ni kwamba hujaniuliza namna ya kumshinda mkurugenzi. Umeniuliza namna ya kuwa mwaminifu kwa watu wawili kwa wakati mmoja: yule aliyekuinua, na yule mhasibu anayerudia safu yake ya hesabu. Huo si mzigo mdogo, na sitajifanya kwamba upo mlango wa kuutua bila gharama.

Nikikuelewa vizuri, umeagizwa kukusanya ushahidi baada ya uamuzi kufanyika, na ushahidi ulioupata unaelekea upande mwingine. Unaona njia tatu mbele yako, yaani kutii, kupinga au kujitoa. Kabla ya kuzitazama, naomba univumilie nikuulize maswali ambayo huenda usiyapende, kwa sababu nadhani yanaweza kukuongezea njia.

Tuanze na mkurugenzi, maana makosa ya fikra ya mwenzetu huonekana upesi kuliko yetu. Aliona kampuni moja, nayo ilikuwa imefanikiwa. Kampuni zilizobomoa kuta vilevile kisha zikashindwa, au zikazijenga tena kimyakimya, hazialiki wageni kuja kupiga picha. Kwa hiyo alichokiona ni sampuli ya walionusurika peke yao, na hapo hakuna namna ya kujua kama ukumbi wa wazi ndio ulioleta mafanikio, au mafanikio ndiyo yaliyolipia ukumbi. Halafu zile meza saba za msanifu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilikuwa za Afrika. Gurudumu lilikuwa limetengenezwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Makadirio ya kati ya waliopata 10 yalikuwa 25, na ya waliopata 65 yalikuwa 45, ingawa kila mtu aliona kwamba gurudumu halikuwa na uhusiano wowote na swali. Ikiwa namba isiyo na maana inaweza kuwavuta watu kiasi hicho, basi namba iliyochorwa vizuri na mtaalamu anayeheshimika itawavuta zaidi, na kamati yenu sasa inazunguka palepale ilipofungwa. Fedha za michoro nazo, zimekwisha kutoka. Hazirudi mkijenga wala msipojenga, na kwa hiyo hazipaswi kuwa hoja ya upande wowote.

Yote haya najua unayakubali. Sasa nikugeukie wewe.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ninahofia kwamba katika jambo hili waambaji ni wawili. Lisome tena dodoso lako kana kwamba limeandikwa na mtu usiyemwamini. Uliuliza kama kelele huwasumbua. Hukuuliza kama kuna siku wanakosa taarifa kwa sababu mwenzao amejifungia chumbani. Uliuliza kama wangependa kubaki na vyumba vyao, na watu wengi wakiulizwa kama wangependa kubaki na walicho nacho husema ndiyo, kiwe chumba, kiti au utaratibu wa kusaini fomu. Tena umeniambia kuhusu waliojibu, lakini si kuhusu wasiojibu. Je, katika taasisi yako wapo wanaokaa vyumba vya ndani visivyo na dirisha, au vijana wapya wasiojua wamwendee nani, ambao pengine mpango wa mkurugenzi ungewafaa? Dodoso lako haliwezi kutuambia.

Mwanasaikolojia Peter Wason alilionyesha jambo hili, la kutafuta yale tu yanayotuunga mkono, mwaka 1960 kwa mchezo mfupi. Aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia kwamba zinafuata kanuni fulani, nao waigundue kwa kumpendekezea namba nyingine tatutatu, naye angewaambia kila mara kama zinaafiki kanuni hiyo au la. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili, wakatoa 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, wakaambiwa zinaafiki, na kila jibu likawazidishia uhakika. Kumbe kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Mtu angeigundua mapema kama angejaribu namba alizotarajia zikataliwe, kwa mfano 1, 2, 50. Swali langu kwako ni hilo: katika kusoma kwako kote, ni lini ulitafuta utafiti ambao ungeweza kukuonyesha kwamba mkurugenzi ana haki?

Sisemi hivyo ili kuzidharau tafiti ulizozitaja. Ni tafiti makini, na ule wa beji una nguvu ya pekee kwa sababu ulipima walichofanya watu badala ya walichosema. Lakini ulifanyika katika makao makuu ya kampuni mbili kubwa, na hatuna sababu ya kudai kwamba asilimia 70 ileile itatokea kwenu. Kim na de Dear nao walichambua ridhaa ya watu kuhusu mahali wanapofanyia kazi, na ridhaa si kitu kimoja na ubora wa kazi. Vitu hivi viwili vinaweza kupishana kwa namna ya kushangaza. Gary Evans na Dana Johnson, mwaka 2000, waliwaweka makarani 40 ama mahali tulivu ama penye kelele za kiasi cha ofisi ya wazi kwa muda wa saa tatu. Waliokaa kwenye kelele hawakusema kwamba wana msongo zaidi ya wenzao, lakini miili yao ilikuwa na adrenalini nyingi zaidi, yaani homoni ambayo mwili huitoa ukiwa katika msongo, na walipopewa mafumbo magumu baadaye waliacha kujaribu mapema. Naona utafiti huo mdogo unakufaa kuliko ule mkubwa, kwa kuwa unatuonya kwamba dodoso linaweza kukosea kuelekea pande zote mbili. Watu wanaweza kulalamikia kisichowadhuru, na wanaweza kuzoea kinachowadhuru bila kulalamika.

Kisha kuna swali ambalo barua yako haigusi kabisa: mkurugenzi anataka nini hasa? Ametaja mawazo mapya. Inawezekana pia kwamba kodi ya jengo jipya inambana, au kwamba amechoka kuona idara hazisemezani, au anaogopa kwamba taasisi inaonekana imezeeka. Kila moja ya haja hizo ina ushahidi wake. Ikiwa haja ni idara kusemezana, kuna kazi ya Thomas Allen, aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba mawasiliano kati ya wahandisi yalipungua haraka kadiri meza zao zilivyokuwa mbali. Hoja ile ni ya umbali zaidi kuliko ya kuta, na inaweza kukidhiwa kwa kuamua idara ipi ikae karibu na ipi, hata milango ikibaki. Ikiwa haja ni kodi, basi semeni ni kodi, na bodi ipime akiba hiyo dhidi ya gharama ya kazi itakayovurugika. Nimeona mara nyingi watu wakigombana juu ya suluhisho kwa sababu hawakuwahi kukubaliana juu ya tatizo.

Sasa tuzitazame njia zako.

Kuandika ripoti kama ulivyoagizwa kuna faida ya amani ya muda. Hatari yake unaijua, ila kuna moja ambayo huenda hujaiona. Mjumbe yeyote wa bodi anaweza kukutana na zile tafiti kama ulivyokutana nazo, na siku hiyo atakayeulizwa kwa nini hazimo ni mkurugenzi. Kumficha mtu jambo ambalo wengine wanaweza kulijua hakumlindi.

Kuandika ripoti inayoupinga mpango waziwazi, na kuifikisha kwenye bodi bila yeye kujua, kutakupa dhamiri safi kwa siku chache. Lakini utakuwa umemnyima nafasi ya kubadili mawazo yake kwa hiari, na mtu aliyebanwa mbele za watu hushikilia alichosema kuliko alivyokishikilia mwanzo. Tena, kwa yale tuliyoyaona kuhusu dodoso, je, una uhakika unaotosha kwa pigano la namna hiyo?

Ipo njia ya kumwendea faraghani kabla hujaandika chochote. Usimpelekee hukumu. Mpelekee swali ambalo wewe pia uko tayari kulijibu: "Ni matokeo gani yangetufanya tubadili mpango huu?" Ninyi wawili mkiandika majibu yenu kabla ya kuangalia takwimu yoyote, hakuna atakayeweza baadaye kuisogeza mistari ya uwanja. Hatari iliyopo ni kwamba anaweza kuliona swali hilo kama ukaidi, hasa akiwa amekwisha kuwaahidi watu. Wewe unamfahamu na mimi simfahamu. Wewe ndiye unayejua kama yeye ni mtu wa kuambiwa asubuhi kabla ya kazi kuanza, au jioni watu wakiisha kuondoka.

Wengine katika hali kama yako hupendekeza jaribio: ghorofa moja, au idara mbili zinazofanana, moja ikae wazi na nyingine ibaki ilivyo, kisha zilinganishwe. Naipenda njia hii, na kwa sababu hiyohiyo nataka kukuonya kuhusu mitego yake. Mkiwaweka waliojitolea peke yao, mtapima shauku ya waliojitolea. Mkipima wiki za mwanzo tu, mtapima upya wa mambo, maana watu huchangamka wakijua wanatazamwa. Mfano unaotajwa sana ni majaribio ya taa yaliyoanza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako inasimuliwa kwamba uzalishaji ulipanda taa zikiongezwa na ukapanda vilevile zikipunguzwa. Cha kuzingatia ni kwamba Steven Levitt na John List walipozichambua upya takwimu za awali mwaka 2011, hawakuukuta muujiza huo ukiwa wazi kama unavyosimuliwa. Hata kisa tunachokitumia kuonyana kuhusu ushahidi dhaifu kimesimama juu ya ushahidi dhaifu. Basi mkijaribu, amueni mapema mtapima nini, na kisiwe maoni matupu. Kazi ya yule mhasibu inapimika: hesabu zimefungwa tarehe ngapi, na makosa mangapi yalirudi kusahihishwa. Kilicho kigumu ni muda. Mkataba wenu unakwisha, na jaribio la haraka mno linaweza kuwapa uhakika wa uongo, ambao ni mbaya kuliko kukiri kwamba hamjui.

Muda ukiwa hautoshi, kuna zoezi dogo ambalo Gary Klein alilieleza mwaka 2007 na ambalo kamati inaweza kulifanya katika kikao kimoja. Mwenyekiti anawaambia wajumbe wajione wako mwaka mmoja baada ya kuhama, na mpango umeshindwa vibaya. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi, bila kuzungumza, sababu za kushindwa huko. Uzuri wake ni kwamba mwenye wasiwasi haonekani mpinzani, anaonekana ametimiza alichoombwa. Kama mkurugenzi atakubali kuandika yake pamoja nanyi, mengi ambayo leo yanasemwa kwenye korido yatasemwa mezani. Kama hatakubali, zoezi linaweza kugeuka kuwa mkutano wa manung'uniko, na wewe ndiye utakayeonekana umeuandaa.

Huenda pia swali la "kuta au ukumbi" ni jembamba kuliko jengo lenyewe. Craig Knight na Alex Haslam waliripoti mwaka 2010 kwamba watu walioruhusiwa kupanga wenyewe sehemu yao ya kazi walifanya kazi vizuri kuliko waliopangiwa, na kwamba faida ile ilipotea pale mpangilio wao ulipobatilishwa na msimamizi mbele yao. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo wafanyakazi waliulizwa wangependa kufanya kazi vipi. Mkurugenzi hakuwauliza, na wewe uliwauliza kama wanakipenda walicho nacho. Ninajiuliza ripoti yako ingekuwaje kama ingeanza na kazi zenyewe: ni kazi zipi zinahitaji ukimya, kwa saa ngapi, na ni zipi zinakwama kwa kukosa mazungumzo. Ripoti ya namna hiyo haimuumbui mtu, ingawa nayo haina hakika ya kukuondolea lawama, kwa kuwa inaweza kuishia mahali ambapo hata wewe hupendi.

Kuhusu kujitoa kwenye kamati sina mengi. Ni haki yako, na kuna wakati afya ya mtu inadai hivyo. Jiulize tu nani atakalia kiti hicho baada yako, na kama atazisoma tafiti ulizozisoma.

Unaogopa kumwaibisha mkurugenzi, na hofu hiyo inatokana na shukrani, kwa hiyo sitakuambia uiache. Ila fikiria alivyokutetea siku zile. Alikutetea mbele ya watu waliokuwa na hakika kwamba hufai, na kwa hiyo ni mtu ambaye angalau mara moja aliweza kutazama jambo tofauti na kundi zima. Huenda anaweza tena, akipewa nafasi na faragha ya kufanya hivyo. Na ikiwa hataweza, utabaki na uamuzi mgumu kuhusu jina lako chini ya ripoti, uamuzi ambao ni wako peke yako. Ukifikia hapo, niandikie tena, uniambie alijibu nini ulipomuuliza kinachoweza kumbadili mawazo, na wewe ulijiandikia nini.